Aikoni za Mama: Funzo kutoka Fungurume

Kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa haina mwenyewe mmoja. Hata kama risiti ya kuinunulia ina jina la mtu mmoja, zile picha ndogondogo za kwenye skrini, yaani aikoni, zimekwisha kuwa za kila anayezisoma ili afanye kazi yake. Anayetaka kuzibadilisha aulize kwanza, ajaribu pembeni, na ajue njia ya kurudi alikotoka. Kisa kifuatacho nimekitunga ili kufundisha hilo. Watu wake ni wa hadithi, lakini mji ni wa kweli, programu ni za kweli, na makosa yaliyomo yanaweza kumpata yeyote mwenye kompyuta na hamu ya kuipamba.

Fungurume iko kwenye barabara kuu itokayo Likasi kwenda Kolwezi, katika jimbo la Lualaba. Tangu mgodi wa Tenke Fungurume uanze kuzalisha shaba na kobalti mwaka 2009, vijana kutoka kila upande wamemiminika hapo kutafuta kazi, kama si mgodini kwenyewe basi kwa wakandarasi wanaouhudumia. Na kazi haiombwi mikono mitupu. Inaombwa kwa dosie: barua, maelezo ya elimu na uzoefu, nakala ya diploma, nakala ya kadi ya mpiga kura ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho cha kila siku. Kwa hiyo palipo na wanaotafuta kazi, pana pia vibanda vya kuchapa, kutoa fotokopi na kutuma barua pepe.

Kimoja cha vibanda hivyo kilikuwa cha mama mmoja wa makamo. Alikuwa na mashine ya fotokopi, skana, printa, na kompyuta moja kuukuu. Kompyuta hiyo zamani ilikuwa na Windows, na flashi za wateja ziliitesa. Mteja alikuja na flashi, folda zake zilikuwa zimefichwa na kirusi, na mahali pake pamewekwa njia za mkato zenye picha ileile ya folda ya manjano. Aliyebonyeza picha ile akidhani anafungua karatasi zake alikuwa anamfungulia kirusi mlango. Fundi mmoja akamshauri ahamie Linux Mint yenye Xfce, eneo-kazi jepesi ambalo hata mashine ya zamani hulibeba bila kuhema. Mama akakubali, akajifunza, akaizoea.

Aliizoea kwa namna yake. Hakusoma kompyuta shuleni, na Kifaransa cha menyu hakukisoma neno kwa neno. Alisoma mahali, rangi na umbo. Printa ilikuwa pale chini kulia. Pipa la taka lilikuwa kona ya juu, likiwa na karatasi ndani lilionekana limejaa, likimwagwa lilionekana tupu. Na kwa dosie za wateja alikuwa na mpango aliofundishwa na yule fundi, mpango mzuri kuliko madaftari mengi ya ofisi. Thunar, programu ya mafaili ya Xfce, humruhusu mtu kubandika alama ndogo juu ya folda. Mama alichagua alama tatu. Nyota ya manjano: mteja ameleta karatasi, bado kuchapwa. Alama nyekundu ya mshangao: imekwisha chapwa, inasubiri mtandao, itumwe leo hiihii. Tiki ya kijani: imetumwa na imelipwa, inaweza kufutwa.

Mpango huo ulikuwa na sababu. Umeme wa shirika la SNEL hukatika. Mtandao huja na kuondoka, na hata ukiwapo, salio la mega linaweza kuwa limekwisha. Kazi ya mchana mzima inaweza kusimama hatua moja kabla ya kufika, na mtu akiisahau hapo ni sawa na asiyeifanya kabisa. Ile alama nyekundu ndiyo iliyokumbuka kwa niaba ya mama. Kila umeme uliporudi, aliangalia nyekundu kwanza. Na kila Jumamosi jioni, kabla ya kufunga, alifuta zenye tiki na kumwaga pipa, maana diski ilikuwa ndogo.

Mtoto wa dada yake alirudi kutoka masomoni Kolwezi akaja kumsaidia. Alikuwa kijana mwerevu na mwenye mapenzi. Kompyuta yake mwenyewe aliipamba kama bibi harusi: wiki hii seti ya aikoni ya Papirus, wiki ijayo ya Numix, mwezi ujao kitu kingine. Simlaumu kwa hilo hata kidogo. Uhuru wa kubadilisha sura ya kompyuta ni moja ya zawadi kubwa za Linux. Aliyeketi mbele ya skrini saa kumi kwa siku ana haki ya kuona kitu kinachompendeza, na vijana wengi wameanza ufundi wao kwa kubadilisha aikoni tu, wakavutwa kidogo kidogo hadi ndani ya mfumo. Tatizo lilianza alipoitazama kompyuta ya mama akaiona imezeeka, akaamua kumfurahisha bila kumuuliza.

Ijumaa usiku, mama akiwa nyumbani, kijana alichomeka flashi aliyopewa na rafiki. Ndani yake kulikuwa na seti mpya ya aikoni, nyembamba, za kijivu na nyeupe, kama zile za simu za bei kubwa. Pamoja nayo kulikuwa na faili dogo la kuisakinisha. Akalibonyeza, likaomba nenosiri la msimamizi, akaliandika. Akafungua dirisha la Apparence, akaenda kwenye kichupo cha Icônes, akachagua seti mpya. Skrini yote ikabadilika kwa kufumba na kufumbua. Kisha akagundua kwamba vitufe vya LibreOffice, programu ya kuandikia, havikubadilika, kwa kuwa LibreOffice hubeba aikoni zake yenyewe. Akaingia kwenye mipangilio yake akachagua Sifr, seti ya mistari ya rangi moja, ili ifanane na nyingine. Asubuhi alimpokea mama mlangoni kwa furaha.

“Mama, angalia, sasa iko muzuri sana.”

Mama akaangalia. Hakupenda kumvunja moyo mtoto wa dada yake. Akasema, “Aksanti, mwana,” akaketi, akaanza kutafuta vitu.

Siku hiyo ya Jumamosi alikuja binti mmoja na karatasi zake. Mkandarasi mmoja alikuwa anapokea maombi ya kazi kwa barua pepe, na mwisho ulikuwa usiku wa siku ileile. Mama alizipiga skani karatasi, akaandika barua, akapanga kila kitu kwenye folda. Mtandao ukakataa. Binti alilipa, akaacha nakala zake, akaambiwa arudi nyumbani bila wasiwasi. Mtandao ukirudi dosie itatumwa. Mama akabandika alama yake ya mshangao juu ya folda, kama alivyofanya kila siku.

Jioni umeme ukakatika. Kompyuta ikabaki inaendeshwa na betri, skrini imefifishwa ili chaji isiishe upesi. Mama akafungua dirisha la dosie ili afanye usafi wa Jumamosi. Katika seti ya zamani, alama nyekundu na tiki ya kijani hazikuweza kuchanganywa hata na mtu aliye mlangoni. Katika seti mpya, zote mbili zilikuwa viduara vya kijivu. Ndani ya kimoja kulikuwa na mstari mweupe mwembamba uliosimama, na ndani ya kingine kulikuwa na mstari mweupe mwembamba uliopinda. Zikikuzwa kwenye picha ya matangazo, tofauti inaonekana na inapendeza. Zikiwa ndogo kiasi cha punje ya mchele, juu ya folda, kwenye skrini iliyofifia, mistari yote miwili inageuka kuwa ukungu. Mama aliona kiduara, akasoma “imekwisha.” Akafuta folda tano. Akamwaga pipa.

Jumatatu binti alirudi.

“Mama, ile dosie yangu ilienda?”

“Ngoja niangalie, mwana.”

Akaangalia, akaangalia tena. Kijana akaitwa. Akatafuta kwenye pipa, tupu. Akatafuta kwenye barua zilizotumwa, haimo. Muda wa maombi ulikuwa umepita tangu Jumamosi usiku. Mama alirudisha pesa, akaomba radhi kwa unyenyekevu, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Pesa zilirudi mfukoni mwa binti, ila nafasi ile haikurudi.

Tuweke kando huruma kidogo, tuchambue kosa, kwa maana ni makosa matatu yaliyovaa nguo moja.

Kosa la kwanza ni la jicho. Kijana alihukumu seti ya aikoni kwa kuitazama ikiwa kubwa na ikiwa imekusanyika pamoja, jinsi inavyopigwa picha ili ivutie. Aikoni haifanyi kazi ikiwa hivyo. Hufanya kazi ikiwa ndogo, ikiwa peke yake, kwa mtu mwenye haraka. Susan Kare alipochora aikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alianzia kwenye karatasi ya miraba, na picha nzima ilikuwa na nukta 32 kwa 32 tu. Katika eneo dogo namna hiyo, nukta moja ikihama, sura inageuka. Ndiyo maana hadi leo seti nzuri huwa na michoro tofauti kwa ukubwa tofauti: ule wa nukta 16 huwa umepunguzwa mapambo na kunenepeshwa mistari, haukuchukuliwa ule mkubwa ukabanwa tu. Seti ambayo mchoraji wake alichora ukubwa mmoja akaiachia kompyuta ipunguze, itakuwa nzuri kwenye tangazo na bubu kazini.

Rangi nayo si pambo. Kwa mama, nyekundu ilibeba nusu ya maana. Seti ya rangi moja inamwachia umbo mzigo wote, na umbo lisipokuwa na nguvu ya kuubeba, maana inaanguka. Lakini pia tusijifunze kinyume chake kwa pupa, tukaiachia rangi kila kitu. Wapo watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani. Alama njema husema jambo lake mara mbili: kwa rangi, na kwa umbo ambalo lingeeleweka hata rangi ikiondolewa.

Kosa la pili ni la kutojua jinsi seti inavyofanya kazi kwa ndani. Thunar haihifadhi picha ya alama juu ya folda. Huhifadhi jina lake. Alama nyekundu ya mama inaitwa emblem-important, tiki yake ni emblem-default, nyota yake ni emblem-favorite. Majina haya yameandikwa katika kanuni za freedesktop.org, ambazo zilipatikana kwa juhudi za watu kama wale wa mradi wa Tango ulioanza mwaka 2005, ili programu za maeneo-kazi ya GNOME, KDE, Xfce na mengineyo ziweze kuita aikoni kwa majina yaleyale. Kompyuta inapotaka kuonyesha alama, huchukua jina na kwenda kuuliza kwenye seti iliyochaguliwa. Ikipata mchoro, huuonyesha. Isipopata, husoma faili liitwalo index.theme ndani ya seti hiyo, kwenye mstari wa “Inherits” ambako mchoraji ametaja seti nyingine ya kuazima, na huenda kuuliza huko. Ikikosa huko pia, huishia kwenye seti ya mwisho iitwayo hicolor.

Tazama linalofuata kutokana na hapo. Mtu akibadilisha seti, hakuna faili lililoguswa, hakuna folda iliyohama, na kompyuta haitoi onyo lolote, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichoharibika. Majina yote yako palepale. Kilichobadilika ni kile ambacho macho ya mama yataona jina hilo likiitwa. Kadhalika pipa: pipa tupu na pipa lililojaa ni majina mawili, user-trash na user-trash-full, na mchoraji mvivu huweza kuyapa mchoro mmoja. Hapo mtumiaji hupoteza habari bila kujua kwamba alikuwa anaitegemea.

Kosa la tatu halikumdhuru mama siku ile, na kwa sababu hiyo ni la hatari zaidi, kwani mtu aliyeokoka kwa bahati hudhani ameokoka kwa akili. Kijana alilikabidhi faili asilolijua nenosiri la msimamizi. Seti ya aikoni ni picha na faili moja au mawili ya maandishi. Kuiweka kunahitaji kuifungua tu ndani ya folda ya .local/share/icons iliyo nyumbani kwa mtumiaji. Haihitaji nenosiri. Inapokuja na faili la kuendeshwa linaloomba mamlaka yote ya mashine, inaomba kitu ambacho picha hazina kazi nacho.

Wala haya si maneno ya kutishia watoto. Desemba 2009, kwenye tovuti ya GNOME-Look ambako watu walipakua mapambo ya eneo-kazi, kuliwekwa kifurushi kilichojiita kiokoa skrini cha maporomoko ya maji. Ndani yake kulikuwa na maagizo ya kuigeuza kompyuta ya aliyekisakinisha kuwa askari katika mashambulizi dhidi ya tovuti za wengine. Machi 2024, mtumiaji wa KDE Plasma alisakinisha mandhari ya jumla kutoka kwenye duka la mapambo la KDE lenyewe, na amri iliyokuwamo ikafuta mafaili yake binafsi. Aliyeiandika hakukusudia ubaya. Amri yake ya kufuta ilikosea njia, basi. Watengenezaji wa KDE wakalazimika kuwakumbusha watu hadharani kwamba mandhari za aina hiyo zinaweza kubeba programu ndani yake, na programu ikishaendeshwa hufanya inavyotaka.

Hata picha pekee zimewahi kuwa mlango. Mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet kilisambaa kwa flashi kikitumia kasoro ya Windows: ilitosha kufungua folda yenye njia ya mkato iliyotegwa na kuiacha kompyuta ionyeshe aikoni yake, bila kubonyeza chochote. Agosti 2019 mtafiti Dominik Penner alionyesha kwamba KDE ilikuwa na udhaifu wa jamii hiyo. Amri iliweza kufichwa kwenye mstari unaotaja aikoni ya folda, na kufungua folda tu kukaiendesha. Kasoro zote mbili zilizibwa. Lakini zinatufundisha kwamba flashi ya rafiki inaweza kuwa na wema wote wa rafiki, na bado ikabeba kisichojulikana hata na rafiki mwenyewe.

Turudi barabarani Fungurume, kuna kitu cha kutusaidia kufikiri. Malori yanayopeleka asidi ya salfuriki migodini, ambako hutumika kuyeyushia shaba na kobalti kutoka kwenye mawe, hubeba bango la umbo la almasi. Nusu ya juu ni nyeupe, ina mirija miwili inayodondosha kimiminika, mmoja juu ya mkono na mwingine juu ya chuma. Nusu ya chini ni nyeusi, ina tarakimu 8. Ni bango lilelile mpakani Kasumbalesa, lilelile Likasi, lilelile Kolwezi. Yumkini yupo mchoraji anayeweza kulichora likapendeza zaidi. Hatakiwi. Uzuri wa bango hilo ni kwamba mtoto aliyeliona jana atalitambua leo, na mzimamoto asiyejua lugha ya dereva atajua avae nini kabla hajalikaribia. Alama inayosomwa na wengi hupata thamani yake kwa kutobadilika, na anayeigusa anagusa mapatano ya watu wote walioizoea.

Kijana wetu aliumia, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, maumivu yake aliyageuza kuwa kazi. Nafuata hatua zake kwa makini, kwani hapa ndipo msomaji atapata cha kuchukua.

Kwanza alirudisha seti ya zamani, Mint-Y, ili mama afanye kazi. Aliweza kwa sababu alikumbuka jina lake. Angekuwa hajui, angepoteza siku nyingine. Kisha akafungua akaunti ya pili kwenye kompyuta ileile, akaunti ya majaribio. Mipangilio ya aikoni ni ya kila mtumiaji peke yake, hivyo alichokifanya huko hakikumgusa mama. Akaunti ya majaribio haina gharama yoyote, na ingetosha kuzuia msiba mzima.

Kisha akaketi na mama, akamuuliza. Kuuliza si ujinga, na majibu aliyoyapata yalimshangaza. Alidhani mama angetaka kompyuta yote ibadilike, au isibadilike kabisa. Mama alitaka vitu vitatu tu. Nyota ya manjano ilimchanganya kidogo, kwa vile kwake nyota ni ya kitu kilichofaulu. Alitaka bahasha iliyo wazi. Alama nyekundu aliitaka kubwa zaidi. Na folda za wateja wa kudumu alizitaka za rangi yake, tofauti na za wapita njia. Pipa asiliguse.

Kwa matakwa hayo hakukuwa na haja ya kutafuta seti nyingine nzima. Kijana alitengeneza folda mpya ndani ya .local/share/icons, akaipa jina la duka. Akaandika faili fupi la index.theme lenye jina la seti, orodha ya folda za picha zake, na mstari wa “Inherits” unaotaja Mint-Y kisha hicolor. Kwa mstari huo mmoja, kila kitu ambacho hakukichora kitaazimwa kutoka kwenye seti ambayo mama anaijua. Kisha akafungua Inkscape, programu ya kuchorea, akachora picha chache tu zilizohitajika. Kila alama aliichora mara mbili, ukubwa wa kawaida na ukubwa mdogo, na ile ndogo aliinenepesha mistari. Mshangao mwekundu ndani ya pembetatu yenye pembe kali kwa dosie za haraka, tiki nene ya kijani ndani ya mraba kwa zilizokwisha: hata skrini ikipoteza rangi yote, pembe kali na mraba havitachanganyika. Mara ya kwanza picha mpya hazikuonekana, kwa kuwa mfumo hukumbuka orodha ya zamani. Akaamuru orodha ipangwe upya kwa gtk-update-icon-cache, zikatokea.

Ndipo akafanya jaribio ambalo kila mchoraji wa aikoni angepaswa kulifanya. Alisubiri jioni, akafifisha skrini kama inavyokuwa umeme ukikatika, akamwomba mama asimame hatua chache nyuma na kusema kila folda iko katika hali gani. Mama alizitaja zote bila kusita. Baada ya hapo tu ndipo seti ya duka ikahamishiwa kwenye akaunti yake, naye mwenyewe akiwa ndiye aliyebonyeza.

Waliongeza utaratibu mmoja ambao hauhusu picha kabisa. Dosie yenye tiki haifutwi tena Jumamosi ileile. Inahamishiwa kwenye folda ya wiki iliyopita, na inafutwa wiki inayofuata baada ya kulinganisha na barua zilizotumwa. Hata alama bora haifai kuwa ukuta pekee kati ya kazi ya mtu na pipa la taka.

Sasa nizungumze na wewe unayependa kupamba, maana nakutakia uendelee kupenda. Kwenye kompyuta yako peke yako, badilisha utakavyo, kila siku ukitaka. Hapo hasara ni yako na furaha ni yako. Chukua seti zako kwenye hazina ya mfumo wako kwanza. Papirus, kwa mfano, imo kwenye hazina za Debian, Ubuntu na Mint, imepitia mikono inayojulikana na inasasishwa pamoja na mfumo. Ukichukua kwingine, fungua kifurushi uone ndani kabla ya kukitumia. Ukikuta picha na index.theme, sawa, ukikuta faili la kuendesha linalotaka nenosiri, liache.

Lakini ukiitwa kwenye kompyuta ya watu, iwe ya mama yako, ya shule, ya parokia, ya zahanati au ya ofisi ya mtaa, geuza mpangilio wa kazi. Kaa nyuma ya anayeitumia umtazame akifanya kazi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwulize kila alama inamwambia nini, nawe usimsahihishe. Andika kwenye karatasi jina la seti iliyopo na uibandike karibu na mashine. Nakili mafaili ya watu kwenye diski nyingine. Jaribu kwenye akaunti ya pembeni, kwa ukubwa mdogo kabisa, kwenye mwanga hafifu, na macho ya mwenye kazi yawe ndiyo hakimu. Akikuambia kwamba ya zamani inamtosha, iache ilivyo, umshukuru kwa kukuonyesha, na kama una muda umsaidie kutuma dosie zinazosubiri mtandao.